Niliugua kwa Jina la Muema

Emali, 4 Julai 2021

Baba Ndulu,

Sisi hapa ni wazima. Ndulu ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka watu wakimwona. Mvua ilikataa, mbaazi zimesimama vile ulivyoziacha. Hizo ndizo habari za nyumbani. Sasa nikuulize neno.

Ijumaa nilienda barabarani kuangalia kama Khisa wa pikapu ya mayai ana barua yako. Hakuwa nayo. Alikuwa anateremsha trei pale dukani, akaniita kwa sauti mbele ya wateja: "Dada ya Muema! Kwenu mnazaa simba! Jamaa alishikwa na korona mwezi wa nne, akafungiwa wiki mbili, akatoka akitembea, na sasa mdosi amempa stoo nzima ya mayai." Watu wakanipigia makofi. Nikasema asante, ningesema nini?

Nilitembea hadi nyumbani nikihesabu siku. Mwezi wa nne kaka yangu alikuwa hapa. Alikuja kupalilia, siku tatu tu, serikali ikafunga Kajiado akiwa upande huu, akakaa mpaka ilipofunguliwa mwezi wa tano. Alikula kwangu karibu kila jioni kwa sababu mkewe Mbeke alikuwa amemkasirikia. Hakukohoa hata mara moja.

Na wewe ndiye ulikuwa kule shamba la kuku na kadi yake ya geti. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuomba uingie kazini kwa jina lake asipoteze nafasi. Uliniandikia barua tatu mwezi ule na zote zinasema uko sawa, kazi ni nyingi.

Kwa hivyo nauliza. Mwezi wa nne ni nani aliugua?

Usinijibu kwa simu ya Mbeke. Unajua akinipatia anaifungua sauti mpaka boma yote isikie. Andika, umpe Khisa.

Mke wako,
Mutheu


Kisaju, 9 Julai 2021

Mama Ndulu,

Ni mimi niliugua. Sikukwambia kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na ungekaa hapo ukilia bila njia ya kuja. Sasa nimepona, kwa hivyo wacha nikueleze yote, na usome ukiwa umekaa.

Kadi ya Muema iko na picha, lakini na barakoa usoni nani anaangalia? Mlinzi wa geti alinisalimu kwa Kimaasai, "Sopa", nikajibu "Epa", nikapita. Ndani ya nyumba za kuku hatuitwi majina, tunaitwa namba. Mimi nilikuwa arobaini na moja. Wale wachache waliojua walinyamaza, kwa sababu hakuna mtu hapa ambaye hajawahi kuingia na kadi ya ndugu yake.

Siku ya kwanza nilijua mimi ni mgonjwa kwa sababu mavi ya kuku hayakunuka. Unaingia kuku elfu tatu wamelala juu ya uchafu wa wiki, macho yanawasha, na pua haisikii kitu. Kesho yake watu wa afya wakaja kutupima. Wakaandika jina lililo kwenye kadi. Wakatupeleka kwenye bweni la shule moja, siku kumi na nne. Mama Ndulu, nilihesabu vyuma vya dari nikidhani ndivyo vitu vya mwisho nitahesabu. Pumzi ilikuwa inaingia kama kupitia kwa kitambaa kilicholowa. Na kila asubuhi mtu alikuja mlangoni akiita "Muema!" na mimi nasema "Niko." Nilikuwa nikifikiri, nikifa leo, wataandika nani kwa karatasi ya kifo?

Nikapona. Muema akarudi mwezi wa tano, nikampa kadi yake, mimi nikaandikwa kibarua kwa jina langu, wa kubeba trei na kupakia mbolea. Jioni ya kwanza alikaa kitandani kwangu akaniuliza ugonjwa ulikuwaje. Aliuliza pole pole, kila kitu. Nikadhani ni huruma. Kumbe alikuwa anasoma kama mtu wa mtihani.

Mwezi wa sita Mama Nyaguthii, bibi ya mdosi wetu Kahiga, akalazwa. Kahiga akaja mwenyewe hapa kantini, kofia mkononi. Akasema madaktari wanataka mtu aliyeugua akapona, watoe maji ya damu yake, kwa sababu ndani yake kuna kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaunda ukipigana na huo ugonjwa. Wampe mama waone kama watamsaidia. Cate karani akasoma majina. Wawili walikuwa wameacha kazi. Likabaki la Muema. Akasimama! Akasema, "Mzee, kama ni damu, chukua." Mimi nilikuwa nimesimama na trei kumi mikononi, hao askari wote wako ndani yangu, na mdomo umefungwa.

Kundi la damu yake halikulingana na la mama. Hawakufika hata kwa kipimo cha kuona kama hao askari anao. Mama alipata kwingine akapona. Lakini Kahiga anasema moyo wa Muema ameuona, na akampa stoo. Funguo kiunoni, kiti, meza, dirisha. Mimi hupita hapo na trei, na yeye anaandika ngapi nimeleta.

Sasa kila Jumatano kwa maombi ya kantini anatoa ushuhuda. Nilisikia kwa masikio yangu: "Ndugu zangu, mavi ya kuku hayakunuka. Nilihesabu vyuma vya dari." Vyuma vyangu! Wanawake wa kupanga mayai wanalia. Ameninyang'anya hata ugonjwa, Mama Ndulu. Kama angechukua blanketi ningenyamaza.

Musau


Emali, 16 Julai 2021

Baba Ndulu,

Nimelia, halafu nimekasirika, kwa hivyo barua hii imechelewa siku mbili. Nimelia kwa vile ulikuwa peke yako. Nimekasirika kwa vile uliniandikia uongo mara tatu, na mimi nikausoma kwa Ndulu kwa furaha.

Juu ya kaka yangu. Alifanya vibaya. Lakini hebu fikiria amefikaje hapo. Karani amesoma jina lake mbele ya mdosi. Angesema nini? "Hapana mzee, aliyeugua ni shemeji yangu aliyekuwa anaingia na kadi yangu"? Mngefukuzwa wote wawili kabla chai haijapoa.

Hiyo ya ushuhuda sina la kumtetea. Hata utotoni Muema alikuwa hivyo. Akisikia hadithi ya mtu inakuwa yake.

Lakini wewe pia nakujua. Wivu wako juu ya Muema haukuanza na korona. Siku ya harusi yetu ulikasirika kwa sababu wazee walimshika yeye mkono kwanza. Aliponunua baiskeli, ukasema breki zake ni mbovu kabla hujaipanda. Mimi nikimsifu ndugu yangu unaacha kula. Nimekaa na hiyo miaka tisa, sijawahi kukuambia, leo nimekuambia.

Usidhani mimi sina. Mbeke sasa anapita hapa kwa kisima akitembea kama mke wa chifu, na mimi naangalia chini kwa sababu najua ni kwa mgongo wa nani. Moyo unauma. Lakini watoto wao ni wanne, na hiyo stoo ikienda, wataangalia kwa nani? Kwangu.

Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja. Niahidi hutasema. Si kwa Kahiga, si kwa karani, si kwa mtu. Acha kaka yangu akae na hiyo stoo. Niandikie kwa mkono wako kwamba umeahidi.

Mutheu


Kisaju, 23 Julai 2021

Mama Ndulu,

Nimeahidi. Umeona, ni mkono wangu.

Lakini ujue unachoniomba. Juzi nilimpelekea trei, moja iko na ufa chini. Akaniambia mbele ya wasichana, "Kijana, chunga mali ya watu." Kijana! Mimi namzidi miaka miwili. Halafu akanituma chai. Nikaenda kuleta hiyo chai. Nilipomuwekea mezani akasema kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, "Nisamehe shemeji, watu wanatuangalia." Hilo ndilo lilinichoma zaidi. Kama angekuwa mbaya kabisa ningemchukia na nilale.

Kuna mambo ya hasira hapa na hakuna wa kuambia. Wewe ndiye ningeambia, na wewe ni dada yake.

Musau


Kisaju, Jumapili, 8 Agosti 2021

Mama Ndulu,

Muema ni mgonjwa. Usipige kelele, Mbeke ameshapigiwa simu na karani, lakini hajaambiwa yote.

Ilianza Jumatano, akasema ni baridi. Ijumaa hakuweza kupanda ngazi ya stoo. Jana wakamchukua, wakampima, ni korona, hii mpya ambayo inakimbia. Leo nimempelekea uji na soksi hospitalini huko Kitengela. Hawaruhusu mtu kuingia. Nesi mmoja anaitwa Akoth alitoka nje kuchukua chupa ya uji, amevaa plastiki mwili mzima kama mtu wa kupulizia dawa, akaniuliza mimi ni nani. Nikasema shemeji.

Akasema, "Shemeji yako ametushangaza. Faili inasema alipata mwezi wa nne, na sasa amepata tena. Daktari anataka kuandika habari zake."

Unasikia? Hata kuugua kwake ni ajabu ya kuandikwa.

Nikamuuliza kama mara ya pili ni mbaya. Akasema watu wanaweza kurudiwa, amewaona, lakini wengi hawaumii kama mara ya kwanza kwa sababu mwili unakumbuka. Kwa hiyo wamemweka kitanda cha mbali, mitungi ya oksijeni ni ya wale wa mara ya kwanza. Na kuna mfuko mmoja wa maji ya damu ya mtu aliyepona, umegandishwa. Daktari anasema hiyo dawa haina uhakika, lakini ikipewa mapema, kwa mtu ambaye mwili wake bado haujaunda askari wake, huenda ikasaidia. Muema hatapewa. Wanasema yeye askari anao. Kipimo cha kuwahesabu kinapelekwa Nairobi, na majibu hukaa siku nne, tano.

Mimi na wewe tunajua hana hata mmoja.

Uliniambia nisiseme kwa mtu. Niliahidi kwa mkono wangu. Sasa nakuuliza, unanifungulia? Khisa ataleta hii Jumanne. Nijibu haraka.

Musau


Wodini, Jumatatu 9/8

Shemeji Musau,

Naandika kwa karatasi ya dawa. Nesi Akoth ameahidi kukuletea yeye mwenyewe hadi geti la huko kazini, akipita kwenda kwao kula.

Wananiambia hii ni mara ya pili na sitaumia sana. Naumia. Asubuhi daktari alisimama hapa na nilitaka kumwambia, nikafungua mdomo, nikasikia aibu. Nimesimama mbele ya watu Jumatano sita nikisema niliyoyasema. Nimeshindwa. Na sasa pumzi ya kusema ni kidogo, wakiniuliza kitu natingisha kichwa.

Sema wewe. Stoo iende. Usikae.

Muema


Kisaju, Alhamisi, 12 Agosti 2021

Mama Ndulu,

Nimesema. Sikungoja jibu lako.

Jana, Jumatano, nilienda hospitali nikamwita Akoth nje nikamwambia: mtu aliyeugua mwezi wa nne ni mimi, huyo hajawahi. Akanikazia macho ndani ya hiyo miwani yake. "Unasema nini?" Nikarudia. Nikamwambia habari ya kadi. Akaingia ndani akikimbia, akatoka na daktari, kijana mdogo, na huyo ndiye alikasirika kuliko watu wote niliowahi kuona. "Mnachezea majina kama karata! Mimi ninamtibu mtu ambaye hayupo!" Nikasema ndiyo daktari.

Walimhamisha kitanda saa hiyo hiyo, wakampa oksijeni. Jioni wakamwekea ule mfuko. Akoth anasema ni maji ya rangi ya manjano kama chai isiyo na maziwa, yanaingia pole pole kwa mshipa. Wangempa na maji ya damu yangu pia lakini kundi letu si moja. Yangu wamechukua kwa ajili ya wengine, yatangoja majibu ya Nairobi yaonyeshe kama hao askari bado wako. Niliuliza watampa nani. Wakasema hairuhusiwi kujua. Kuna mtu mahali fulani atapewa na hatajua ni Musau.

Daktari alimpigia Kahiga. Leo asubuhi nimeitiwa getini, vitu vyangu vimeshatolewa nje ndani ya gunia la chakula cha kuku. Kahiga hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hivyo siku ile niliposimama hapa bibi yangu akiwa anakufa, ulikuwa unanisikia?" Nikasema nilikuwa nakusikia mzee. Akaingia kwa gari. Muema pia ameandikiwa barua ya kuachishwa, itamngoja.

Natafuta kazi ya mjengo hapa Kitengela. Barua zangu mwambie Khisa aziache kwa yule mama wa chai karibu na steji ya Kisaju.

Nilisema mara tu nilipopata nafasi. Umwambie Mbeke hivyo.

Musau


Emali, 24 Agosti 2021

Baba Ndulu,

Muema anapumua bila mashine tangu Ijumaa. Akoth alimpigia Mbeke. Daktari hasemi kama ni ule mfuko, au oksijeni, au ni Mungu, lakini amesema kama angehamishwa mapema mapafu yasingechomeka hivyo. Upande mmoja umeharibika. Atatoka mwezi ujao, na hatabeba hata ndoo ya maji kwa muda mrefu.

Boma yote inakutaja. Mbeke amekuja kwangu na kuku mzima, akanishika mikono, akasema bila Musau watoto wake wangekuwa yatima. Nikampokea huyo kuku. Nimemfunga hapo nje, sijamchinja.

Mimi ni mtu wa kuhesabu siku, unanijua.

Barua yako ya Jumapili ilinifikia Jumanne saa saba. Niliposoma, nilikimbia hadi kwa Mbeke bila viatu, nikachukua simu nikakupigia. Haikushikwa. Nikapiga mara kumi na moja. Mbeke ananiuliza ni nini, na mimi siwezi kumwambia. Jumapili ulikuwa unajua kila kitu. Namba ya simu ya Mbeke ulikuwa nayo. Uliogopa aisikie siri ya stoo, na bwana yake anakosa hewa? Ukaniandikia barua ya kuomba ruhusa, ukijua pikapu haiji mpaka Jumanne.

Na Akoth nimempigia mwenyewe, Mbeke akiwa kisimani, akaniambia kwamba Jumatatu saa sita alikuletea karatasi ya Muema kwa mkono wake, na wewe ukaipokea getini ukaisoma mbele yake. Ulisema Jumatano.

Nilikuomba unyamaze kwa sababu ya stoo. Hilo ni langu na nitalibeba. Sikukuomba umnyamazie kaka yangu akifa.

Jumatatu mchana mpaka Jumatano ulikuwa wapi?

Mutheu


Kitengela, 31 Agosti 2021

Mama Ndulu,

Nachimba msingi wa ploti moja hapa nyuma ya mji. Ardhi hii nyeusi ikikauka ni jiwe, ikilowa inakushika mguu. Nimekuwa nikichimba siku tano nikifikiri nitakuandikia uongo gani. Kila uongo niliopata ulikuwa mzuri, lakini kila mmoja una siku ndani yake, na wewe ungezihesabu.

Nilikuwa stoo.

Jumatatu saa moja asubuhi Cate karani aliniita akasema, "Wewe si shemeji ya Muema? Shika hizi funguo, hawa wengine wataniibia." Nikazishika. Nikafungua mlango. Nikakaa kwa kile kiti. Dirisha linaangalia Ngong, na asubuhi upepo unaingia usio na harufu ya kuku. Wasichana wa kupanga mayai waliniita "Bwana Musau". Miaka kumi na nne nimefanya kazi, mawe Kiserian, mchanga, mbolea, trei, hakuna siku mtu aliniita bwana.

Saa sita Akoth akaja na ile karatasi. Niliisoma hapo hapo, hakusema uongo. Nikamwambia nitakuja. Nikarudi ndani nikasema nitamaliza kwanza kuhesabu trei za mchana. Nikahesabu. Nikasema nitaenda jioni. Jioni nikasema wageni hawaruhusiwi. Jumanne nikaamka nikavaa shati safi, nikaenda stoo tena. Ulipiga simu. Niliiona ikiwaka mezani, namba ya Mbeke, mara kumi na moja, sikukosea hesabu, na wewe hukukosea. Nilijua ni wewe. Nikaifunika na kitabu cha mayai.

Sikutaka afe. Nakuapia kwa Ndulu. Nilitaka tu awe mgonjwa siku moja zaidi. Halafu siku nyingine moja. Nilikuwa najiambia, mimi nilikaa siku kumi na nne kwa jina lake, yeye hawezi kukaa mbili ili mimi nikae kwa kiti chake? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikipiga hesabu. Nilikuwa na wivu mpaka ukaonekana kama haki yangu.

Jumatano asubuhi Cate akaja akasema kadi yangu mpya ya mtu wa stoo itachukua wiki, kwa hivyo kwa sasa nitumie ya Muema. Akaiweka mezani. Mimi na hiyo kadi tukaangaliana. Nikaona kwamba akifa, jina lake litakuwa limeandikwa mara ya pili kwa sababu yangu, safari hii kwa karatasi ya kifo. Ndipo nilipoondoka. Sikukimbia kwa ajili ya upendo, usinipe hiyo. Nilikimbia kwa kuogopa.

Na nikuambie lingine kwa sababu nimeanza. Nasikia akiruhusiwa kutoka atapita kwenu kwanza kwa vile kwa Mbeke ni mlimani. Atalala nyumba yangu. Wewe utampikia uji na kumshika mkono akienda nje. Mwezi wa nne hakuna aliyenishika mkono. Hata sasa, nikijua niliyomfanyia, bado namwonea wivu. Nilidhani ukisema ukweli wivu unaisha. Hauishi.

Unataka nije, au nisije?

Musau


Emali, Jumapili, 19 Septemba 2021

Baba Ndulu,

Muema yuko hapa tangu Jumatano. Amekonda mpaka shati linamzunguka. Kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara moja, akishika ukuta. Ndulu anamletea kigoda anatembea nacho nyuma yake.

Barua yako niliisoma mara nne. Sikukuandikia kwa sababu kila siku nilikuwa na jibu tofauti.

Wageni wanakuja kumwona. Kila mmoja, Muema anamwambia: "Shemeji yangu alitupa kazi yake ili mimi nipone. Sikumfanyia mema, na bado alifanya hivyo." Halafu anawaeleza kila kitu, kadi, stoo, ushuhuda wa uongo, hajifichi tena. Anasema karatasi yake ilichelewa getini. Anamlaumu mlinzi. Jana alisema akipata nguvu atarudi Kisaju kumuuliza huyo mlinzi ni kwa nini alikalia karatasi ya mtu anayekufa. Mimi nilitoka nje nikasimama kwa kisima mpaka wageni wakaondoka.

Unasema hakuna aliyekushika mkono mwezi wa nne. Hiyo ni kweli, na inaniuma. Lakini ulinificha. Singeweza kushika mkono nisioujua.

Umeuliza uje au usije. Sijui kama nataka kukuona. Najua tu siwezi kuendelea kuwa mtu pekee ndani ya nyumba hii ambaye anajua. Nikimpa uji anasema, "Asante, na Mungu ambariki Musau," na mimi nasema amina. Nimesema amina siku nne.

Njoo Ijumaa na Khisa. Usilete kitu. Utakaa mbele yake, umwambie Jumatatu na umwambie Jumanne, kwa mdomo wako, na mimi nikiwa hapo nasikia. Atakalosema ni lake. Nitakalosema mimi nitalisema baada yake.

Usipoteremka kwa hiyo pikapu Ijumaa, Jumamosi nitamwambia mimi.

Mutheu